Maji Yenye Magadi Mengi na Chokaa Kidogo



Vikundi vingi vya kujisaidia hapa kwetu Nakuru, kuanzia Naivasha na Gilgil mpaka Njoro, Bahati na Rongai, vina ndoto moja: kisima. Kina mama wanachanga kila mwezi, harambee inafanywa, mweshimiwa anaalikwa, na mwishowe mashine inakuja kutoboa ardhi. Siku maji yanapotoka ni vigelegele, padre anabariki, na kila mtu anakwenda nyumbani na mtungi umejaa. Ni furaha ya haki kabisa. Lakini kuna swali ambalo wengi hawaulizi kabla ya mashine kufika: maji hayo yana floraidi kiasi gani? Na huwezi kulielewa swali hilo vizuri bila kuuliza lingine lililo nyuma yake: yana chokaa kiasi gani?

Watu wengi hapa wanalijua jina la floraidi kwa sababu ya meno ya kahawia. Wachache wanajua kwamba shida yetu si floraidi peke yake. Shida ni kwamba floraidi ipo, na kile ambacho kingeikamata hakipo. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza, na nitaomba mnivumilie tukipitia kwanza ganda la yai, kisha mpaka Mombasa, ndipo turudi nyumbani.

CHOKAA NA ASIDI

Ndani ya chokaa kuna kitu kinachoitwa kalsiamu. Ndicho kilicho ndani ya ganda la yai, ndani ya mfupa, ndani ya jino, ndani ya kombe la baharini. Mnaweza kufanya jaribio hili katika mkutano wenu, halina gharama. Chukueni yai bichi, mliweke ndani ya glasi, mmwagie siki mpaka lizame. Baada ya muda mfupi mtaona viputo vidogo vikipanda. Viputo hivyo ni hewa ya kaboni, ileile tunayoitoa puani. Kesho yake au kesho kutwa mkilishika yai litakuwa laini kama mpira mdogo, ganda limekwisha. Asidi ya siki imekula chokaa.

Watu hupima ukali huo kwa kipimo kinachoitwa pH. Maji yasiyo na asidi wala magadi yana pH ya 7. Chini ya hapo ni upande wa asidi, juu yake ni upande wa magadi. Siki iko karibu na 2 au 3. Maji ya mvua safi ni kama 5.6, yaani yana asidi kidogo, maana yakishuka hubeba hewa ya kaboni. Ziwa Nakuru liko karibu na 10, na ndiyo sababu maji yake yanateleza vidoleni kama ya sabuni. Hatua moja katika kipimo hiki si ndogo: kila hatua ni mara kumi.

BAHARINI: CHOKAA IPO, MWENZAKE ANAPUNGUA

Mtu atauliza, sisi watu wa bara bahari inatuhusu nini? Inatuhusu, hata kama hujawahi kushuka mpaka Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutengeneza saruji mwaka 1954, na jiwe lake lilichimbwa kutoka matumbawe ya kale. Matumbawe ni kazi ya wadudu wadogo wa baharini wanaojijengea nyumba za chokaa. Fort Jesus yenyewe, iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1593, ni jiwe la matumbawe. Kwa hiyo huenda kuna tangi la maji hapa Nakuru lililojengwa kwa mifupa ya viumbe wa baharini waliokufa zamani sana.

Maji ya bahari yana kalsiamu nyingi, kama miligramu 400 katika kila lita. Lakini kombe haliumbwi na kalsiamu peke yake. Kalsiamu inahitaji mwenzake, kaboneti, kama vile mchanga unavyohitaji saruji. Wakikutana wanashikana na kuwa jiwe. Sasa, tangu viwanda vianze, binadamu wamechoma makaa ya mawe na mafuta mpaka hewa ya kaboni imepanda kutoka sehemu kama 280 kwa milioni moja hadi kupita 420. Karibu robo ya hewa hiyo tunayoitoa inanywewa na bahari. Ikiingia majini inageuka asidi dhaifu, na asidi hiyo inamla yule mwenzake kalsiamu. Pwani nzima ya dunia iko katika jambo hili, pamoja na yetu kuanzia Lamu hadi Vanga.

Msielewe vibaya: bahari haijawa siki. pH yake imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Bado iko upande wa magadi. Lakini kwa sababu kipimo hiki kinakwenda kwa mara kumi, kushuka huko kudogo maana yake ni kwamba asidi imeongezeka kama asilimia 30. Chaza na matumbawe wanalazimika kutumia nguvu zaidi kujenga kile ambacho babu zao walijenga kwa urahisi. (Matumbawe mengi yaliyokufa pwani ya Kenya mwaka 1998 yaliuawa na joto la maji, si asidi. Ni mambo mawili, ingawa yanatoka jiko moja.)

Basi shikeni hilo akilini. Baharini kalsiamu imejaa, mwenzake ndiye anayepungua. Huku kwetu Bonde la Ufa ni kinyume kabisa: mwenzake amejaa mpaka anamwagika, na kalsiamu ndiyo hakuna.

HUKU KWETU MAMBO YAMEGEUKA

Bonde la Ufa limejengwa na volkano. Menengai, Longonot, Eburru, yote hiyo ni milima ya moto. Mawe yake na majivu yake yana sodiamu nyingi na floraidi nyingi, lakini kalsiamu ni kidogo. Mvua ikinyesha inaingia ardhini na ile asidi yake ndogo, inaongeza nyingine kutoka mizizi na udongo, halafu inaanza kulamba mawe polepole, miaka kwa miaka. Kama jiwe lingekuwa la chokaa, maji yangebeba kalsiamu. Lakini jiwe letu linatoa sodiamu, na maji yanakuwa ya magadi.

Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Kalsiamu na floraidi wakikutana kwa wingi wanashikana na kuwa jiwe, na jiwe haliwezi kunywewa. Ushahidi uko kwenye bonde letu hili hili: kule Kimwarer, Bonde la Kerio, kulikuwa na mgodi uliochimba jiwe la namna hiyo, kalsiamu na floraidi vimeshikana, kuanzia miaka ya 1970 hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2016. Mahali kalsiamu ilipokuwapo, floraidi ilifungwa ndani ya mwamba. Katika maji ya magadi, hata ile kalsiamu kidogo iliyopo inakamatwa kwanza na kaboneti na kutua chini kama chokaa. Floraidi inabaki peke yake, huru, inaogelea tu. Inamsubiri mtu wa kuinywa.

Maziwa yetu yanaonyesha jambo hilo kwa ukubwa. Ziwa Nakuru na Elementaita hayana mto wa kutokea. Maji yanaondoka kwa jua tu na kila kitu kingine kinabaki. Kabla ziwa halijafurika kuanzia mwaka 2010, Ziwa Nakuru liliwahi kupimwa floraidi ya miligramu 2,800 kwa lita. Bahari, pamoja na chumvi yake yote, ina kama 1.3 tu. Kipimo kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5.

Hakuna anayekunywa maji ya ziwa, najua. Lakini visima vyetu vinachota katika mawe hayo hayo.

Kuna alama moja ambayo kina mama wataitambua. Ukienda Pwani ukafua kwa maji ya kisima, sabuni inakataa kutoa povu na birika linashika ukoko mweupe. Hiyo ni kalsiamu. Huku kwetu visima vingi vina maji laini, povu linajaa beseni kwa sabuni kidogo tu, na watu husifu: maji haya ni mazuri! Kumbe ulaini huo ndio dalili ya kukosekana kwa kalsiamu. Sisemi kila maji yenye povu yana floraidi, maana hata maji ya mvua yana povu. Nasema tu kwamba povu si cheti cha usafi. Floraidi haina ladha, haina rangi, haina harufu. Visima viwili katika kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Jirani yako kuwa na maji mazuri si habari juu ya kisima chako.

MENO YA WATOTO

Jino la mtoto linajengwa likiwa bado ndani ya ufizi. Meno ya utu uzima yanajengwa tangu mtoto azaliwe mpaka afikie kama miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, ganda gumu la nje linaumbwa vibaya: linakuwa na mistari myeupe kama chaki, halafu baada ya jino kutoka linashika rangi ya kahawia, na likizidi sana linamegeka. Ndiyo sababu mama hushangaa akisema, "Mbona meno yake ya kwanza yalikuwa meupe?" Yale ya kwanza mengi yake yalijengwa tumboni. Haya ya pili yalijengwa kwa uji wa maji ya kisima.

Hakuna dawa ya kusugua itakayoyarudisha. Tena naomba tuache ile tabia ya kumwambia msichana ati hapigi mswaki. Nimewaona wasichana wengi wanaocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja, na hawakukosa kitu chochote. Mtu mzima aliyehamia hapa meno yake yakiwa tayari, hayatageuka. Lakini mifupa yake haijasalimika: akinywa maji yenye floraidi nyingi, zaidi ya miligramu 4 kwa lita, kwa miaka mingi, mifupa na viungo vinaweza kukakamaa, na maji yanayopita 10 yanaweza kumlemaza kabisa. Si kila maumivu ya mgongo ni floraidi. Wengi wetu tumebeba mitungi tangu utotoni.

Wengine huuliza kuhusu dawa ya meno, mbona inawekwa floraidi makusudi? Kidogo inasaidia jino lisioze, nyingi inaliharibu. Mtoto mdogo apewe ya ukubwa wa punje ya minji, na afundishwe kutema.

Jambo moja la kutia moyo: maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Mama anayemnyonyesha mtoto miezi sita bila kumwongezea maji wala uji amempa ulinzi ambao hakuna kiwanda kinaweza kuuza. Baada ya hapo, uji wa mtoto ndio wa kwanza kupewa maji mazuri, kabla ya chai ya baba. Na maharagwe yanayopikwa kwa magadi ili yaive upesi, magadi hayo nayo hubeba floraidi. Loweka maharagwe usiku, utaokoa kuni pia.

YASIYOSAIDIA

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini floraidi inabaki yote huku maji yakipungua sufuriani, kwa hiyo inazidi kidogo. Dawa ya klorini haiondoi. Kuchuja kwa mchanga au kwa kitambaa hakuondoi. Mkaa wa kawaida wa miti hauondoi. Shabu na chokaa vikichanganywa kwa vipimo vikubwa vinaweza kupunguza. Njia hiyo ilitoka India na imejaribiwa pia Ngurdoto, karibu na Arusha. Lakini vipimo vyake lazima vipangwe na fundi kulingana na maji yenyewe, kila siku, na sioni kikundi cha kijiji kikiifuata kwa miaka.

MFUPA WA NG'OMBE UNATANGULIA

Kuanzia mwaka 1998 idara ya maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru ilishughulika na njia nyingine, ya mkaa wa mifupa. Ukielewa habari ya kalsiamu, njia hii inaeleweka mara moja. Floraidi inapenda mfupa. Inaingia katika mfupa na jino kwa sababu vyote viwili vimejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na ndani ya jengo hilo kuna nafasi ambayo floraidi inaiingia na kumtoa mwenyeji wake. Basi badala ya kungoja ikutane na mfupa wa mtoto, tunaikutanisha kwanza na mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo.

Mifupa inakusanywa kutoka buchani na vichinjioni, inachomwa katika tanuri lenye hewa kidogo kwa joto la kama nyuzi 400 hadi 500, inasagwa, inachekechwa, inaoshwa. Joto likiwa dogo, mafuta na nyama vinabaki na maji yananuka. Joto likizidi, mfupa unakuwa mweupe kama majivu na unapoteza nguvu ya kukamata. Kwa hiyo tafadhali, msichome mifupa jikoni na kuiweka ndani ya mtungi. Hiyo si kazi ya jiko la kuni.

Mfupa unajaa. Ni kama gunia: likishajaa, hata ukilisukuma halichukui zaidi. Ndoo inayochuja maji yenye miligramu 8 itajaa upesi kuliko inayochuja yenye 3, na siku ikijaa maji yatatoka safi kwa macho lakini na floraidi yake yote. Kikundi kinachonunua chujio bila kupanga nani atapima maji yanayotoka, na pesa za kubadilisha mkaa zitatoka wapi, kimenunua ndoo tu. Jambo jingine mliamue mapema na kwa heshima: kuna wenzetu ambao hawawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya nguruwe, au ya mnyama yeyote. Waulizwe kabla, wasishtukizwe baadaye.

MVUA YA BURE

Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Hapa watu husema mvua haitoshi, basi tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Nyumba ya mita 40 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ni lita 36,000. Tuseme sehemu inamwagika na kupotea, tubaki na 28,000. Familia ya watu sita, kila mmoja lita tano za kunywa na kupikia, ni lita 30 kwa siku, yaani karibu lita 11,000 kwa mwaka. Mvua inatosha na kubaki! Kisichotosha ni tangi. Kwa kiangazi cha siku 100 mnahitaji lita 3,000 za kunywa na kupikia tu. Kufua, kuoga na kunyweshea mboga, kisima kinafanya.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, maana ndege hawajui mpango wetu.

Mnaweza pia kuchanganya. Kisima chenye miligramu 3, mkiweka ndoo moja ya kisima na ndoo moja ya mvua, mnapata 1.5. Kisima chenye 6, ndoo moja kwa tatu za mvua. Hesabu hii inafanya kazi tu kama mnaijua namba ya kisima chenu.

KUPIMA

Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kupimwa kwa maji ni sehemu ya kazi hiyo. Ombeni karatasi ya matokeo muione kwa macho yenu, mtafute mstari wa floraidi na ule wa kalsiamu. Mkandarasi akisema maji ni mazuri, mwulizeni namba. Fanyeni hivyo kabla ya kulipia pampu, mabomba na tangi la juu, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu atakayekuwa na moyo wa kusikia habari mbaya. Gharama ya kupima ni ndogo sana ukiilinganisha na ya kutoboa. Na kama kisima ni cha zamani, kipimwe sasa.

Sampuli ichukuliwe hivi: chupa ya plastiki ya nusu lita, safi, isiwe ya glasi. Acheni pampu ifanye kazi dakika kadhaa. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jazeni, fungeni, andikeni jina la mahali na tarehe. Pimeni tena wakati wa kiangazi, maana namba inaweza kubadilika. Matokeo yakija, nakala moja ikae kwa katibu katika kitabu cha kumbukumbu, na nyingine ibandikwe pale kisimani kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, ili hata mtoto anayetumwa kuchota aweze kuisoma.